Tulimleta mama mjini apumzike, sasa hawezi kuinuka kwenye sofa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 47, ninaishi Tanga mjini na ninafanya kazi ya uhasibu. Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wengine kwa muda mrefu bila kufikiri kwamba siku moja nami ningeshika kalamu, lakini jambo hili limeigawa familia yetu, na baada ya Idi kuna kikao ambacho ninakiogopa.

Mama yetu ana miaka 73. Alitulea watoto sita peke yake baada ya baba kufariki, huko kwetu milimani Lushoto, kwa kulima maharage na mboga, kufuga ng'ombe wawili, na kubeba majani ya ng'ombe kichwani kwenye vijia ambavyo mgeni huvishuka huku ameshikilia migomba. Mwaka jana wakati wa masika aliteleza akitoka zizini, akauangukia mkono. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, ila kiwiko kilivimba, na kwenye kituo cha afya tulikompeleka waliandika katika daftari lake neno moja: apumzike. Hakuna aliyetueleza apumzike kwa muda gani.

Sisi watoto tulifungua kundi la WhatsApp na kwa siku mbili tu tukawa tumekubaliana kila kitu. Ng'ombe wakauzwa, shamba akapewa binamu yetu alilime, na mama akaletwa kwangu kwa kuwa nina chumba cha ziada. Kaka yetu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, alinunua sofa jipya kwa ajili ya mama na ndiye anayelipa mshahara wa dada wa kazi. Agizo lake lilikuwa kwamba mama asishike kitu chochote. "Mama yetu si kibarua," alisema, "amebeba vya kutosha." Nami, Shangazi, niliyaona hayo kuwa maneno ya mtoto mwenye kujua fadhila.

Sasa imetimia miezi tisa. Mama yule aliyekuwa akipanda mlima na tita la majani kichwani hawezi kuinuka kwenye sofa lile bila kuvutwa mikono yote miwili. Akitaka kwenda msalani anaita, na akienda anashika ukuta. Magoti yanamuuma kuliko alipokuwa analima, na majirani wanasema ute umekwisha, kwa hiyo tumpe supu ya makongoro na bamia na tusimtembeze, kwa sababu akitembea mifupa itasagana. Kilichoniumiza zaidi ni siku moja katika mwezi wa Rajabu nilipomkuta ameweka kiti juu ya mswala. Niligundua baadaye kwa dada wa kazi kwamba alfajiri moja mama alishindwa kuinuka kutoka kwenye sijda, akabaki pale chini mpaka dada alipoamka, na akamsihi asiniambie. Tangu siku hiyo anaswali akiwa amekaa, na akimaliza hukaa kimya kwa muda mrefu.

Nilimpeleka hospitali, tukaelekezwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, kijana tu. Alimkalisha mama kwenye kiti kigumu, akamwambia akunje mikono kifuani kisha asimame na kukaa mara nyingi awezavyo kwa nusu dakika. Mama alifanya mara tatu. Yule kijana akasema tatizo kubwa si magoti, ni misuli ya mapaja iliyosinyaa kwa kukosa kazi. Akatupa karatasi ya mazoezi: kusimama na kukaa, kuinua visigino huku ameshika meza, kutembea kila siku, na akatutaka tumrudishie mama kazi ndogondogo za nyumbani. Mama alicheka akasema, "Nimekaa na kusimama miaka sabini, leo nifundishwe na mjukuu?" Hata hivyo alianza, na baada ya wiki tatu alifika mara sita.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Binamu yetu alipita nyumbani akamkuta mama anafagia uwanja na dada wa kazi amesimama kando, naye akamweleza kaka. Kaka alinipigia simu usiku uleule. Alisema, "Nalipa dada wa kazi ili mama apumzike, wewe umemgeuza mama kuwa dada wa kazi." Anasema baada ya Idi atakuja kumchukua akaishi naye Dar es Salaam, katika nyumba yao ya ghorofa ya tatu. Mdogo wetu wa mwisho anataka mama arudishwe Lushoto. Dada zangu wamenyamaza. Mama mwenyewe siku moja alisema, "Nirudisheni kwangu," na kesho yake akasema, "Mtakavyoamua."

Kuna na jingine, dogo. Siku ile hospitali yule kijana aliniona nikiinuka kwenye benchi huku nimeshika kiuno, akaniuliza ninakaa saa ngapi kwa siku. Nilicheka tu. Mwanangu wa miaka 13 naye akitoka shule anakaa na simu mpaka chakula cha usiku, na vipindi vyao vya michezo vimegeuzwa kuwa vya kujiandaa na mitihani. Wakati mwingine najiuliza kama nyumba nzima tumeingiwa na ugonjwa wa kukaa.

Niambie, Shangazi: je, ninamtesa mama? Akianguka akiwa katika mazoezi niliyomsimamia mimi, nani atabeba lawama? Na je, ni kweli mwili wa mzee unaweza kurudi, au hizo ni tafiti za watu wa nchi nyingine wanaokula vizuri?

Binti aliyekwama, Tanga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama mahali pamoja, pale penye kiti juu ya mswala. Mzee anayemsihi dada wa kazi asimwambie mwanawe kwamba alishindwa kuinuka ana jambo zito moyoni, na ninaona wewe pia umelibeba tangu siku uliyoambiwa.

Mimi si daktari. Kabla ya kukujibu nilikaa na mtaalamu wa fiziotherapia, nikamsomea maneno yako bila kumwambia yametoka wapi, na mengi nitakayosema kuhusu mwili nimeyapima naye.

Nikikuelewa vizuri, mmefunga maswali mawili katika kitambaa kimoja. Moja ni la mwili: je, mwili wa miaka 73 uliolegea ukitumikishwa unapona au unamalizika? Jingine ni la heshima: mtoto mwema ni yule anayemkalisha mama yake, au ni yule anayemwachia ufagio? Yule kijana wa hospitali alijibu la kwanza. Kaka yako anajibu la pili, tena anajibu kwa upendo, kwa fedha zake na kwa sofa alilonunua. Ndiyo maana mnapozungumza kwenye simu hamkutani, kwa kuwa kila mmoja amesimama kwenye swali lake.

Tuanze na la mwili. Ninyi watoto wote, wewe ukiwemo, mlidhani kwamba mapumziko hayana madhara, kwamba nguvu isiyotumika inakaa mahali kama fedha ndani ya kibubu. Mwaka 1966 watafiti wa Dallas, Marekani, waliwalaza kitandani vijana watano wenye afya, wa umri wa miaka 20, kwa wiki tatu, kisha wakapima uwezo wa miili yao. Miaka 30 baadaye wakawatafuta walewale watano, sasa watu wazima wa miaka 50, wakawapima tena. Wiki zile tatu za kitandani zilikuwa zimewapunguzia uwezo wa kufanya kazi ya mwili kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Hebu lisome jambo hilo ukimkumbuka mama yako, ambaye hakukaa wiki tatu bali miezi tisa, na hakuwa na miaka 20. Ninachotaka ukione hapo ni kwamba udhaifu mnaouona sasa huenda si wa uzee peke yake. Sehemu yake, pengine kubwa, imetokana na neno lile "apumzike" ambalo halikuwekewa mwisho, na kwa hilo hakuna mtoto wa kulaumiwa, kwa kuwa mlifanya mlichoandikiwa.

Utafiti huo una kipande cha pili ambacho watu hukisahau. Wale watano wakiwa na miaka 50 walipewa mazoezi ya miezi sita, taratibu, na uwezo wa moyo na mapafu waliokuwa wameupoteza kwa miaka ukarudi walikoanzia.

Utaniambia miaka 50 si 73. Basi twende kwa wakubwa wa mama yako. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika kwenye makao ya wazee huko Boston. Walikuwa wazee kumi, wa wastani wa miaka 90, wengi wakiwa na maradhi kadhaa na historia ya kuanguka. Kwa wiki nane walinyoosha miguu dhidi ya uzito, uzito ukiongezwa kadiri walivyoweza. Nguvu ya miguu iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili kati yao wakaacha mikongojo. Lakini walipoacha mazoezi kwa wiki nne tu, takriban theluthi ya nguvu yao ilipotea. Kwa hiyo swali lako la kama mwili wa mzee unaweza kurudi lina jibu la matumaini, pamoja na deni lake: kinachorudi kinataka kulishwa kila wiki, na anayekuambia mazoezi ni dozi ya mwezi mmoja kama ya vidonge hakukwambia yote.

Wasiwasi wako kuhusu tafiti za watu wanaokula vizuri ni wa haki, na sitaupuuza. Msuli haujengwi kwa zoezi tupu. Mzee anayekula uji asubuhi na wali kidogo na mchuzi usiku atachoka tu. Mama yako anahitaji maharage aliyozoea kuyalima, dagaa, samaki, mayai, maziwa, na kwa bahati nzuri unaishi mahali ambapo samaki si anasa. Wala tafiti zote hazitoki mbali. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, hapahapa kwetu, wamepimwa kwa vifaa vya mapigo ya moyo na ikaonekana kwamba kwa siku wanatembea na kufanya kazi za kuutikisa mwili kwa zaidi ya saa mbili, na kwamba wazee wao hawapungui sana kuliko vijana. Mioyo yao imeonekana kuwa na dalili chache za hatari. Kilichonishangaza mimi ni utafiti mwingine wa mwaka 2020 uliopima kupumzika kwao: wanapumzika karibu saa kumi kwa siku, muda usiopishana sana na wa mtu wa mjini. Tofauti ni namna wanavyopumzika. Wanachuchumaa, wanapiga magoti, wanakaa chini, na hasa mtu anapochuchumaa misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogokidogo hata akiwa amepumzika.

Nilipofika hapo nikalifikiria sofa la kaka yako. Huko Lushoto mama alipumzika kwenye kigoda na kwenye mkeka, akachambua maharage miguu imenyooshwa, akainuka kwenda kutazama chungu, akarudi, akakaa tena chini. Hakuna aliyeyahesabu hayo kuwa mazoezi. Sofa jipya ni laini na la chini, linammeza mtu hadi magoti yanapanda juu ya nyonga, na kulitoka kunahitaji nguvu ya mapaja kuliko kiti cha jikoni. Kwa maneno mengine mlimwondolea kazi zote za miguu, kisha mkamwachia iliyo ngumu kuliko zote. Sikuambii mkalitupe. Mtengenezeeni mama kiti kigumu chenye mikono na kimo cha kutosha, na sofa likaliwe na wageni.

Kuhusu ute. Nimekunywa supu ya makongoro kwa ajili ya goti langu la kushoto, ni tamu, endelea kuipika. Ila mfano wa goti kama gari lililokwisha oili unatupotosha. Gegedu, ile nyama ngumu yenye uso laini inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu, na chakula chake hutoka kwenye ute wa goti, ambao husukumwa ndani na nje ya gegedu pale goti linapobeba uzito na kuachia. Goti lisilotembea halilishwi, na misuli inayolizunguka ikisinyaa, uzito wote huliangukia lenyewe. Ndiyo maana madaktari wa mifupa duniani kote huweka mazoezi katika hatua za kwanza za kutibu magoti yaliyolika. Maumivu kidogo yanayotulia baada ya zoezi huvumilika. Goti likivimba, likiwa la moto, au maumivu yakiendelea hadi kesho yake, hapo mtakuwa mmezidisha, na karatasi ya yule kijana irudishwe kwake airekebishe.

Sasa kuanguka, ambako ndiko kunakokukosesha usingizi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wazee ndio wengi wao, hivyo hofu yako ina msingi. Mwaka 2019 watafiti walikusanya majaribio 108 yenye watu zaidi ya 23,000 wa umri wa miaka 60 na kuendelea, wakaona kwamba mazoezi, hasa ya mizani ya mwili na nguvu za miguu, yanapunguza kuanguka kwa karibu robo. Robo, mwanangu, si yote. Mama anaweza kuanguka akiwa anafanya zoezi, na anaweza kuanguka akiwa anakwenda msalani usiku kwa sababu hakuna aliyemwimarisha miguu. Hatari ya kwanza inaonekana na ina jina lako juu yake, na ya pili haina jina la mtu. Nadhani hiyo ndiyo sababu inakutisha zaidi, ingawa sina hakika kwamba ndiyo kubwa zaidi.

Yapo mambo yanayopunguza hatari zote mbili, na hayagharimu sana. Mazoezi yafanyike kiti kikiwa kimeegemezwa ukutani na meza nzito ikiwa mbele yake. Taa ya njia ya msalani iwake usiku. Mkeka mdogo unaoteleza mlangoni uondolewe, na kandambili zilizolegea zibadilishwe na viatu vinavyoshika kisigino. Macho yake yapimwe. Kama anatumia dawa za presha na anapata kizunguzungu akisimama, daktari aambiwe kabla ya zoezi lolote kuongezwa, na maumivu ya kifua au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja ni wa kukimbizwa hospitali bila kungoja mtu. Kipimo kile cha nusu dakika nacho kitunzeni. Madaktari wa Marekani humhesabia mwanamke wa umri wa mama yako kuwa katika hatari ya kuanguka akifanya chini ya mara kumi. Mama alianza na tatu, akafika sita. Kwa wiki tatu, hayo si mateso niyajuayo mimi.

Lakini hebu nikuulize machache ambayo barua yako haikuyasema. Ufagio ule mama alipewa, au aliuchukua mwenyewe? Ni tofauti kubwa, na kaka yako ana haki ya kuijua. Mtu anayejishikia ufagio wake anarudi kwenye maisha yake. Anayekabidhiwa ufagio kwa sababu karatasi imesema, ilhali moyoni anaona haya mbele ya majirani, anaweza kweli kujiona ameshushwa. Na je, kaka anajua kilichotokea alfajiri ile kwenye mswala? Nina shaka hajui. Yeye ameonyeshwa ufagio na binamu, hajaonyeshwa mama aliyekaa sakafuni akingoja mtu aamke. Ningekuwa yeye, nikiwa na picha moja tu kati ya hizo mbili, pengine nami ningepiga simu usiku.

Kaka yako pia anakumbuka tita la majani, na kumbukumbu hiyo isidharauliwe. Mwaka 1986 lilichapishwa jarida la kisayansi lenye utafiti uliofanyika Kenya, ambapo wanawake wa Kiluo na Kikikuyu walionekana kubeba mizigo hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya wanapotembea mikono mitupu, na baadaye ikaonekana siri ilikuwa kwenye mwendo wao, unaobembea kama timazi. Maarifa hayo mama yako anayo, nawe hukuyarithi, wala mimi. Hata hivyo mizigo ya Lushoto ilizidi kiasi hicho mara nyingi, na shingo na mgongo wa mama zetu vinalijua hilo. Kwa hiyo kaka akisema amebeba vya kutosha, anasema kweli. Pengo liko kati ya tita lile na kutoshika kitu kabisa, na nafasi ya kupatana iko katikati hapo, mahali penye ndoo ya lita tano, ungo wa mchele na matembezi ya kwenda dukani kununua chumvi yeye mwenyewe.

Kuhusu wapi aishi, kila njia naiona na miiba yake. Akibaki kwako, ameshaanza kupata nafuu na mtaalamu yuko karibu, lakini wewe ndiye utakayesimamia kila kitu na wewe ndiye unayeweza kuchoka kwanza, tena huku mmekosana na kaka. Akienda Dar es Salaam, atakuwa karibu na hospitali kubwa na mwanawe atapata fursa ya kumtumikia, ambayo kwa maoni yangu ni haja ya kweli ya moyo wake. Ghorofa ya tatu, ingawa, inaweza kuwa kifungo: asiyeweza kushuka ngazi hatoki, asiyetoka analegea zaidi. Mtu anaweza kusema ngazi ni mazoezi, nami nakubali, kwa mwenye miguu ya kuzipanda, anayeshikiwa na mwenye muda. Je, mkwe atakuwepo mchana? Nani atashuka naye?

Lushoto ndiko roho yake iliko, na mdogo wenu si mjinga. Huko ana watu wa kusalimiana nao, ana kitu cha kuamkia. Lakini kijia cha zizini bado kinateleza wakati wa masika, ng'ombe hawapo tena, na miguu inayorudi si ile iliyoondoka. Yule mtaalamu niliyezungumza naye alipendekeza jambo ambalo naliona la busara: aende kwa wiki mbili wakati wa kiangazi, akiongozana na mtu, kijia kikiwa kimechongwa ngazi na kuwekwa kitu cha kushika, halafu mtazame alivyo. Kwenda kuona kwake si kuamua kuishi kwake, na mama naye ataona kwa macho yake kile anachokiweza.

Lipo na suala la sijda. Kuswali kwenye kiti kwa asiyeweza kuna ruhusa katika dini, na shekhe wenu atamtuliza kwa hilo, asijione kwamba ibada yake imepungua. Ila kama mama anatamani kurudi kwenye mswala, hilo ndilo lengo ninaloamini litamsimamisha kuliko karatasi yoyote ya hospitali. Mweleze mtaalamu hivyo, kwa maneno hayohayo. Ipo namna ya kulifikia kwa kushusha kimo kidogokidogo: kwanza kiti, halafu kigoda kirefu, halafu kigoda kifupi kile cha jikoni, mwishowe sakafu huku ameshika kitanda. Rakaa 17 za faradhi kila siku, kila moja na rukuu yake na sijda zake mbili, ni kazi kubwa ya miguu kwa mtu yeyote, kwa hiyo asiharakishwe.

Nawe, uliyecheka ulipoulizwa unakaa saa ngapi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alionyesha kwamba makonda wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, waliugua moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye viti vyao. Baadaye yeye mwenyewe aligundua, kwa kuangalia vipimo vya suruali za sare, kwamba madereva walikuwa wanene tangu walipoajiriwa, kwa hiyo kiti hakikuwa na kosa lote, lakini utafiti wa miaka mingi uliofuata haukukiondolea kosa lake. Una miaka 47. Mwanamke anapokoma hedhi mifupa yake hupungua kwa kasi, na misuli imeshaanza safari hiyo. Mwanao wa miaka 13, kwa upande mwingine, yuko katika miaka ambayo mifupa hujengwa kwa kuruka na kukimbia, na Shirika la Afya Duniani linamtakia wastani wa dakika 60 kwa siku. Sitaki uongeze mzigo mwingine juu ya uliyo nao. Nilikuwa nafikiria tu kwamba mtu wa kumsindikiza bibi kila jioni mpaka kwenye duka la chumvi yumo humo ndani, na ana simu ya kupimia muda.

Kikao kinabaki. Katika kundi lenu la WhatsApp wamo watoto sita, na sijaona mahali ulipoandika kwamba mama aliwahi kuulizwa kabla ng'ombe hawajauzwa. Aliposema "Nirudisheni kwangu" na kesho yake "Mtakavyoamua," huenda hakubadili mawazo, huenda alitazama nyuso zenu. Jaribu kuzungumza naye peke yake kabla ya Idi, jioni, mkiwa mmekaa mkekani wewe ukiwa chini na yeye kwenye kigoda, mkichambua kitu. Usimuulize anataka kuishi wapi. Muulize anatamani kufanya nini tena kwa mwili wake ambacho sasa hawezi. Kama ataridhia, na akiridhia tu, kaka naye ajue habari ya alfajiri ile, asikie kutoka kwa mama mwenyewe, na akifika kwa ajili ya kikao awahi siku moja ili amshikie mama kiti na kuhesabu kwa sauti wakati anasimama na kukaa.

Halafu niandikie mama alijibu nini.

Shangazi yako